Viunganishi vya Kiingereza: kipi cha kuacha, kipi usikiguse

Waongoza watalii wa Kaole na Ngome Kongwe, wanafunzi wa kidato cha nne, na vijana wanaoandika barua za kuomba kazi kwenye hoteli za ufukweni hapa Bagamoyo, wote hurudi na swali moja: hii "that" niiweke au niitoe? Mmoja ameambiwa kwamba Waingereza hawaitumii siku hizi. Mwingine ameambiwa kuwa bila hiyo sentensi haijakamilika. Kila mmoja kapewa nusu ya jibu.

Na ukweli ni kwamba "that" si tatizo kubwa kuliko yote. Ukiiweka pale inapoweza kuachwa, mara nyingi hujakosea chochote. Sentensi inakuwa ndefu kidogo tu. Kinachoharibu maandishi ya watu wengi ni viunganishi viwili kuwekwa pale panapotakiwa kimoja, na kiunganishi kutolewa pale ambapo msomaji hawezi kuelewa bila hicho. Ndiyo maana kazi hii inaanza na kufuta vya ziada, kisha ndipo tuifikie "that".

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Aya ya Kiingereza uliyoiandika mwenyewe, maneno 150 hivi. Usinakili ya kitabuni, maana unachotafuta ni makosa yako. Kama huna, andika sasa hivi unavyomweleza mgeni habari za Boma la Wajerumani au magofu ya Kaole.
- Kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya kuzungushia, moja ya kukatia.
- Kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya karatasi au ya kwenye simu, yenye mifano ya sentensi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili peke yake haitoshi, kwa sababu mara nyingi haikuonyeshi kitenzi hufuatwa na nini.
- Uwezo wa kuonyesha kwa kidole kitenzi kiko wapi na nani anayetenda.

Hatua ya 1: Zungushia, usikate

Pitia aya yako na uzungushie kila "that", "and", "but", "so", "because", "although", "if", "whether", "when", "while" na "unless". Zungushia pia "who" na "which". Hizo mbili darasani huitwa virejeshi, lakini huachwa kwa kanuni za jirani, na ukiziruka sasa zitakusumbua mbele.

Usikate kitu bado. Wanaokata wakiwa bado wanasoma hukata hata "that" ambayo si kiunganishi kabisa. Hiyo tutaikuta mwishoni.

Hatua ya 2: Futa vilivyowekwa mara mbili

Kwa Kiswahili tunasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini wageni walikwenda Kaole," na hakuna anayekunja uso. Kiingereza kinataka kimoja: ama cha mwanzo, ama cha katikati.

Kosa: Although it rained, but the visitors went to Kaole.
Sahihi: Although it rained, the visitors went to Kaole.
Sahihi: It rained, but the visitors went to Kaole.

"Kwa kuwa" na "hivyo" nazo hutuponza vilevile:

Kosa: Because the tide was out, so the dhow could not leave.
Sahihi: Because the tide was out, the dhow could not leave.
Sahihi: The tide was out, so the dhow could not leave.

Tahadhari: ukishafuta "but", angalia usije ukaweka nukta katikati. "Although it rained." peke yake si sentensi. Ni nusu inayosubiri mwenzake, na mtu anayesahihisha ataikata bila huruma.

Ziada ya pili ni "that" mbele ya neno la kuuliza:

Kosa: She asked me that what time the boat leaves.
Sahihi: She asked me what time the boat leaves.

Neno la kuuliza (what, where, when, who, how, why) linaunganisha lenyewe. Halihitaji msaidizi. Angalia pia mpangilio: swali likishawekwa ndani ya sentensi nyingine, "does" huondoka. Usiandike "what time does the boat leave" hapo.

Ziada ya tatu ni ile tunayoitoa moja kwa moja kwenye "alisema kwamba":

Kosa: He said that, "I am tired."
Sahihi: He said, "I am tired."
Sahihi: He said that he was tired.

Ukifungua alama za kunukuu, "that" hutoka. Ukiibakiza "that", alama za kunukuu hutoka na "I" hugeuka "he". Na mkato baada ya "that" ufute kila unapoukuta umewekwa kwa ajili ya kupumua tu. Tumezoea kuandika "kwamba," halafu tunavuta pumzi; "The guide explained that, the fort is old" ni kosa linaloonekana kwenye barua nyingi mno, na kulirekebisha ni sekunde moja.

Hatua ya 3: "That" baada ya kitenzi

Hapa ndipo penye swali lenyewe, kwa hiyo tusiharakishe.

Baada ya vitenzi vya kila siku vya kusema na kuwaza, "that" huachwa bila shida: say, think, know, hope, believe, hear, feel, guess, suppose, na pia tell ikifuatwa na mtu anayeambiwa.

I think that the museum is open. / I think the museum is open.
She told me that the boat was full. / She told me the boat was full.

Kiswahili hufanya hivyohivyo. "Nadhani atakuja" haina "kwamba" na haikosi kitu.

Vivumishi vya hisia na uhakika navyo vimo: sure, glad, happy, sorry, afraid. "I'm afraid the fort is closed today" ndiyo namna ya adabu ya kumpa mgeni habari mbaya, na ukiitia "that" inaanza kunuka ofisi.

Sasa yale maeneo ya kutoigusa. Iache "that" mahali pake:

*Pale kitenzi kinapoeleza namna ya kusema au kujibu.* Reply, shout, whisper, explain, complain, argue. "The boatman shouted that the engine was dead." Ukiitoa, Kiingereza kinakwaruza. Ukiwa na shaka, fungua kamusi: kama mifano yake yote ya kitenzi hicho ina "that", iache.

*Baada ya nomino.* The fact that, the idea that, the belief that, the news that. "The fact that the mission was founded in 1868 surprises many visitors." Kwenye maandishi iache daima.

*Pale inapoanza sentensi.* "That Livingstone's body passed through Bagamoyo in 1874 is well known." Ikitoka, msomaji anasoma "Livingstone's body passed through Bagamoyo in 1874" akidhani amemaliza, mara anagonga "is well known" na kupotea. Sentensi ya namna hii ni nzito. Mdomoni sema "Everyone knows Livingstone's body passed through Bagamoyo in 1874," na mzigo wote umetua.

*Pale neno la wakati linapokaa katikati.* Linganisha:

The guide said yesterday that the boat was full.
The guide said that yesterday the boat was full.

Ya kwanza: kusema kulikuwa jana. Ya pili: kujaa kwa boti ndiko kulikokuwa jana. Toa "that" zote mbili zinabaki "The guide said yesterday the boat was full," na hakuna awezaye kujua ni ipi. Kwa mtu anayepanga safari za watu, hili si suala la urembo wa lugha. Mgeni anaweza kukaa hotelini akidhani boti ya leo imejaa.

*Pale jicho linapoweza kudanganyika.* "The visitors believed the guide was lying." Jicho linasoma "The visitors believed the guide" na kupokea maana iliyo kinyume kabisa, kabla ya kufika "was lying" na kurudi nyuma. Weka "that" baada ya "believed" na hatari imekwisha. Vitenzi vinavyoweza kubeba mtu au kitu mara baada yake, kama believe, hear, see, feel na know, ndivyo vya kuangaliwa hapa. Kiwakilishi kifupi kama "he" au "they" kikifuata, hatari haipo, kwa sababu "believed he" haiwezi kusomwa vingine.

*Ya pili baada ya "and".* "He said the fort was closed and that we should come back on Monday." Ya kwanza imeachwa, ya pili imewekwa, na ndivyo inavyofaa. Ile ya pili inamwambia msomaji kwamba ushauri wa Jumatatu bado ni maneno ya yule bwana, si yako mwandishi.

Hatua ya 4: "That" iliyoshikana na neno jingine

"So that" ya kusudi hupoteza "that" kirahisi: "Speak slowly so they can hear you." Ila chunga mkato. "He spoke slowly so they could hear" ni kusudi, aliongea taratibu ili wasikie. "He spoke slowly, so they heard him" ni matokeo. Mkato mmoja, habari mbili.

"So" na "such" za kiasi nazo huruhusu: "It was so hot we sat under the mango tree." Kwenye insha weka "that". "Now that" na "provided that" zinaweza kuachiwa "now" na "provided" peke yake. "In order that" na "given that" usizivunje.

Hatua ya 5: "If" na ndugu zake

"If" haifutwi hivihivi. Hutoka pale tu kitenzi kinapotangulia mbele ya mtendaji, na vitenzi vyenyewe ni vitatu: had, should na were.

If I had known, I would have waited. / Had I known, I would have waited.
If you need a boat, please call reception. / Should you need a boat, please call reception.
If I were in charge, I would repair the roof. / Were I in charge, I would repair the roof.

Ile ya "Should you need" ijifunze kwa moyo kama unaomba kazi ya mapokezi. Barua za hoteli zimejaa sentensi hiyo. Makosa yake ni mawili. Baada ya "should" kitenzi hakichukui "s": ni "Should the guest arrive late", si "arrives". Na ukikanusha, usibane: ni "Had I not known", si "Hadn't I known".

"If" au "whether" inayofuata ask, wonder na don't know haitoki kabisa. "I don't know if the gate is open" ina maana, "I don't know the gate is open" haina. Because, although na unless nazo hazitoki kamwe. Maana yote ya sentensi imekaa humo.

Hatua ya 6: "And" na ile "-ka-" yetu

"Akafika, akafungua geti, akawaita wageni." Ile "-ka-" imebeba kiunganishi ndani ya kitenzi, kwa hiyo kwetu mkato unatosha. Kwa Kiingereza mkato peke yake hautoshi kuunga sentensi kamili:

Kosa: He arrived, he opened the gate, he called the visitors.
Sahihi: He arrived, opened the gate and called the visitors.

Toa mtendaji anayejirudia, toa "and" zote, bakiza ya mwisho. Orodha ya vitu ni hivyohivyo: "cashews, coconuts and dried fish". Mkato kabla ya "and" ya mwisho Wamarekani wengi huuweka, Waingereza wengi huuacha. Chagua mmoja uende nao hadi mwisho wa ukurasa.

Umesikia Mmarekani akisema "Go see the Caravanserai"? Ni sahihi kwao, lakini kitenzi kikiwa tupu tu, bila "s" wala wakati uliopita. "He went saw" haipo popote. "Go and see" inakubalika duniani kote, basi tumia hiyo. Na vichwa vya habari vya magazeti vinavyoweka mkato badala ya "and", kama "Boat capsizes, crew saved", viache kwa magazeti.

Hatua ya 7: "When" na "while" zinazobadilishwa na "-ing"

While we were walking along the beach, we saw a dhow. / Walking along the beach, we saw a dhow.

Kiunganishi kimetoka, mtendaji katoka pamoja nacho. Sharti ni moja na ni kali: anayetembea na anayeona lazima awe yuleyule. Sisi tunasema "Tukitembea ufukweni, jahazi likaonekana" na ni sawa, kwa sababu "tu-" iko pale inaonyesha nani anatembea. Kiingereza hakina hiyo "tu-". "Walking along the beach, a dhow appeared" inasema jahazi ndilo lililokuwa likitembea mchangani. Watendaji wakiwa wawili, rudisha "while we were".

Hatua ya 8: "Who", "which" na "that" ya kurejelea

Tazama neno linalofuata mara moja.

Likiwa ni mtu au kitu kingine kinachotenda, unaweza kuacha: "the graves that we saw at Kaole" inakuwa "the graves we saw at Kaole". Likiwa ni kitenzi, usiguse: "The man who keeps the keys is at lunch." Ikitoka "who" unabaki na "The man keeps the keys is at lunch," vitenzi viwili vinavyogombania mtu mmoja.

Kwetu kirejeshi huonekana, iwe "tuliyoyaona" au "ambayo tuliyaona", kwa hiyo wengi huogopa kukiacha. Usiogope. Mdomoni, "the graves we saw" ndiyo ya kawaida zaidi.

Habari ya nyongeza iliyofungwa kwa mikato miwili haiguswi: "The Boma, which the Germans built in 1897, faces the sea." Hapo huachi "which", wala huibadilishi kuwa "that".

Kihusishi nacho kisikupotee. "The dhow in which we travelled" ikiacha "which", "in" inahamia mwisho: "the dhow we travelled in". Wengi huacha vyote viwili wakabaki na "the dhow we travelled", ambayo imekatwa mguu.

Hatua ya 9: Amua kwa mahali

Soma aya nzima kwa sauti. Kwa maelezo ya mdomo kwa wageni na ujumbe wa WhatsApp, toa kila "that" iliyofaulu hatua ya 3. Kwa insha ya mtihani, barua ya kazi au kibao cha maelezo cha makumbusho, irudishe nyingi. Kama sentensi ya ndani inaanza na "I", "you" au "it", kuacha ni rahisi hata kwenye barua; ikianza na kundi refu kama "the old stone houses near the market", weka "that" ili msomaji ajiandae.

Ikikwama

*Programu ya simu inataka nifute kila "that".* Programu nyingi hupenda sentensi fupi, na pendekezo si kosa. Pima kwa hatua ya 3 kabla ya kubofya kukubali.

*Nimetoa "that" na sasa vitenzi viwili vimegongana.* Soma kuanzia mwanzo ukisimama kwenye kitenzi cha pili. Kama umelazimika kurudi nyuma, irudishe.

*Niandike "I suggest you to come"?* Hapana. Baada ya suggest hakuna "to". Ni "I suggest that you come" au "I suggest you come". Kwa "he" na "she", barua rasmi hutumia kitenzi tupu: "I suggest that he come early."

*Wageni hawanielewi nikiongea haraka.* Rudisha "that" unapotaja saa, bei na mahali pa kukutana. Inampa msikilizaji nafasi ya kujua kwamba habari yenyewe inakuja sasa.

*Nimekata "that" na sentensi imevunjika, ingawa kitenzi ni think.* Yamkini haikuwa kiunganishi. Kwenye "I think that boat is leaking", "that" ni ya kuonyesha: boti ile. Ukiikata unapata "I think boat is leaking", ambayo si sahihi. Jaribu kuweka "this" mahali pake. Kama sentensi inasimama, usikate. Na ukikuta "I think that that boat is leaking", hujaona mara mbili: ya kwanza ni kiunganishi, ya pili inaonyesha boti. Kata ya kwanza, kisha mwambie mgeni apande ile nyingine.